Makofi ya Mzee wa Mkono Mmoja

Mtu mwenye mkono mmoja anaweza mengi kuliko mnavyodhani. Anaoga, anapanda ngazi, anakata kitunguu, na ukimuudhi anaweza kukuzaba kofi moja likakutosha mwaka mzima. Lakini kuna jambo moja linamshinda kabisa, nalo ni kufunga kifungo cha shati kwenye kifundo cha mkono huohuo uliobaki. Jaribu uone. Vidole haviwezi kugeuka nyuma vikajihudumia vyenyewe.

Kwa Mzee Makofi kazi hiyo ilikuwa ya kitindamimba wake. Binti huyo aliianza akiwa bado hajaota meno ya mbele ya utu uzima, na hadi anaajiriwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata mama yake. Asubuhi ambayo mzee alikuwa na mahali pa kwenda kuongea, alimnyooshea mkono wa kushoto juu ya meza ya chai, binti akafunga kifungo, akakipiga kidogo kwa kidole, akasema, "Haya baba, kawachekeshe."

Jina la Makofi alipewa na wenzake wa kiwandani kwa utani, maana tangu mashine ilipomla mkono wa kulia hakuweza tena kupiga makofi. Utani wa viwandani hauna adabu. Yeye hakuukasirikia, na baadaye ukamlisha.

Ilikuwa hivi. Kiwanda kilikuwa cha kutengeneza maboksi, na mashine yake ilikuwa ya kukatia. Unaweka karatasi ngumu chini ya kisu, unafunga mlango wa wavu, unakanyaga pedali, kisu kinashuka. Mlango usipofungwa kisu hakishuki, kwa sababu pembeni kuna swichi ndogo ambayo mlango huibonyeza. Kufungua na kufunga mlango kwa kila karatasi kunachosha na kunachelewesha, na watu wanalipwa kwa wingi wa maboksi. Basi wafanyakazi wakagundua dawa: unaifunga ile swichi kwa kipande cha kitambaa ikae imebonyezwa siku nzima, mashine inaamini mlango umefungwa, na wewe unafanya kazi mlango ukiwa wazi. Waliita kuifumba mashine macho. Mzee Makofi aliifumba macho miaka na miaka kama wenzake, mpaka asubuhi moja alipoingiza mkono kunyoosha karatasi iliyojikunja huku mguu wake ukiwa umeshazoea kukanyaga.

Baada ya hapo walimweka getini, akafungulia malori mpaka akastaafu. Pensheni ilikuwa ya kumfanya mtu asife, siyo ya kumfanya aishi. Ndipo ofisa usalama wa kiwanda kimoja cha sabuni alipomwomba aje aongee na waajiriwa wapya, awaonyeshe kigutu, basi. Mzee akaenda, akaongea, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, akarudi na bahasha. Habari zikasambaa. Vinu vya unga vikamwita, karakana zikamwita, vyuo vya ufundi vikamwita. Kwa bahasha hizo paa la nyumba liliacha kuvuja na dawa za presha za mkewe hazikukatika tena. Uzeeni, mtu aliyeshinda maisha yake yote kwenye kelele ambako hakuna anayemsikia mwenzake, akawa anaishi kwa mdomo.

Na alikuwa anaujua mdomo wake. Alisimama, akainua kigutu, akasema, "Huyu alistaafu kabla yangu." Kicheko. "Wahenga wanasema mkono mmoja haulei mwana. Basi wahenga waje kwangu wahesabu: wanne, na wote wameota ndevu, isipokuwa wa mwisho, na huyo ni kwa sababu ni msichana." Kicheko kikubwa zaidi. Halafu akageuka mkali kidogo: "Mnasema ajali haina kinga. Nani kawaambia? Yangu ilikuwa na kinga, mlango wa wavu. Mimi ndiye niliyeifunga kitambaa." Kisha akawarudisha kwenye vicheko, na mwisho akawaambia, "Sasa nipigieni makofi, maana mwenyewe siwezi."

Mwanzoni alikuwa na sehemu nyingine, ya hospitali. Mkewe alimsikiliza akiifanyia mazoezi mbele ya kioo, akamwambia aitoe.

"Watu wanalipa kucheka, baba watoto," alisema. "Kulia wanalia bure makwao."

Akaitoa. Mwanamke yule hakukosea, tuseme ukweli. Bahasha ziliongezeka.

Kiwanda chake mwenyewe, cha maboksi, hakikumwita. Kitindamimba alikuwa ameajiriwa hukohuko, kitengo cha kufunga mizigo, lakini wakubwa walikuwa kama hawamjui mzee. Hiyo ilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Kwa hiyo alipoletewa salamu kwamba meneja mpya anamtaka kwenye siku ya usalama, wageni kutoka makao makuu wakiwepo, alitamba nyumbani wiki nzima. "Mcheza kwao hutunzwa," aliimba bafuni. Mkewe alimwambia apunguze sauti, majirani wamelala.

Asubuhi ya siku hiyo alinyoosha mkono juu ya meza. Binti alifunga kifungo, lakini hakukipiga kwa kidole wala hakusema awachekeshe. Alichukua mkoba wake akawahi zamu. Mzee alidhani ana aibu ya baba kuonekana kazini kwake, jambo ambalo kila mzazi amelipata.

Alifika mapema. Wafanyakazi walikuwa wanaingia ukumbi wa chakula, mashine zimezimwa, na ofisa usalama wa pale, kijana mwenye haraka na kalamu tatu mfukoni, akamwambia watapita njia ya mkato, katikati ya karakana. Mzee alikuwa hajaikanyaga sakafu ile tangu alipotolewa juu ya machela. Rangi ilikuwa mpya, mashine zilikuwa mpya. Alitembea akizitazama kama mtu anayepita mtaa aliozaliwa. Kisha akasimama.

Kwenye mashine ya tatu mlango wa wavu ulikuwa wazi, na swichi yake imefungwa kitambaa. Akaangalia ya nne: kitambaa. Ya tano: kitambaa. Lakini alirudi kwenye ile ya tatu, kwa sababu kitambaa chake alikijua. Kilikuwa cha njano, chenye birika ndogo za bluu. Lilikuwa pazia la jikoni kwake. Mkewe alilichana mwaka jana likawa matambara.

"Nani anafanya kazi hapa?" aliuliza.

"Wanabadilishana tu, mzee," ofisa akajibu bila kumtazama. "Haya ya vitambaa mimi nayajua. Tutayazungumza ofisini, siku nyingine. Leo tuchekeshee watu. Wageni wameshakaa."

Mzee hakuwa anamsikiliza. Aliinama juu ya mashine, akalishika fundo kwa meno, akalivuta kwa vidole vitano vilivyobaki. Lilikuwa fundo zuri, la mtu mwenye mikono miwili. Lilipofunguka alikuwa anahema, kifungo cha shati lake kilikuwa kimeachia, na mkono wa shati unaning'inia.

Alielewa yote hapohapo. Kitindamimba alikuwa amehamia kwenye kisu, kwa sababu kwenye kisu kuna malipo mazuri kuliko kwenye kufunga mizigo, na amewaficha wazazi. Lakini siyo hilo lililomkata maini. Mtoto huyu aliijua hotuba yote kwa kichwa. Amekua akiisikia mlangoni, mezani, mbele ya kioo. Alikuwa anamkumbusha baba yake mahali pa kunyamaza na mahali pa kuinua kigutu. Na bado asubuhi amekuja hapa akaifumba mashine macho. Kama maneno hayakumwingia anayelala nayo nyumba moja, yalimwingia nani? Wale wote waliocheka vinuni na karakanani walirudi kwenye mashine zao wakafanya nini? Mzee aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Alikuwa ameuza mkono wake mara ya pili, na kwa bei nafuu.

Ukumbini walimshangilia kabla hajafungua mdomo. Alimwona binti yake upande wa dirishani, kati ya wenzake, ameinamisha kichwa. Meneja alikuwa mstari wa mbele na wageni, uso tayari kwa kucheka.

Mzee hakuinua kigutu. Aliinua kitambaa.

"Hiki nimekifungua sasa hivi kwenye mashine," alisema. "Viko vingi. Sitasema cha nani, na msinitajie."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ndio mwanzo wa kichekesho. Mwenzake akamgusa, akanyamaza.

"Huwa nawaambia watu mkono wangu ulivyokatika. Leo nitawaambia siku ya pili yake. Waliniletea mtoto wangu wa mwisho hospitalini. Alikuwa mdogo, mapengo matupu mdomoni. Alinisalimia, akakaa kitandani, akafunua shuka. Akatazama upande huu, akatazama chini ya mto. Akainama akatazama chini ya kitanda. Nikamuuliza, mama, unatafuta nini? Akasema, 'Natafuta mkono wako, baba. Umeuacha wapi? Twende tukauchukue.'"

Alikikunja kitambaa kiganjani.

"Hakungoja jibu," akaendelea. "Alinishika huu uliobaki, akavuta. Alitaka twende. Mama yake alimbeba analia mpaka nje. Hii sikuwaambia watu, kwa sababu haichekeshi. Sina la ziada. Naomba mwenye kitambaa asikirudishe kwenye mashine."

Hakuna aliyepiga makofi. Kiti kililia kule dirishani, na kitindamimba akasimama. Wasimamizi walikuwa wanamwona, meneja alikuwa anamwona, na yeye alijua hivyo. Alipita kati ya meza mpaka mbele, akafika kwa baba yake, akakichukua kitambaa akakitia mfukoni. Kisha akaushika mkono wa shati uliokuwa unaning'inia, akatafuta kifungo, akakifunga. Kilimponyoka vidoleni mara mbili. Mzee hakutazama watu. Alikuwa anatazama vile vidole, kimoja kimoja.

"Ni changu," binti akasema kwa sauti ya kusikika.

Siwezi kuwaambia kwamba kiwanda kiligeuka. Vitambaa vilitoka mchana ule, na baada ya muda vingine vilirudi, kwa sababu malipo hayakubadilika na njaa ni ileile. Binti alirudishwa kufunga mizigo, kwa malipo ya zamani, na msimamizi wake hakumsalimia kwa muda mrefu. Mzee hakuitwa tena pale. Kwingine alikoitwa aliisema hotuba ile ya hospitali, na bahasha zikapungua, maana neno lilipita kwamba siku hizi mzee anahuzunisha watu. Mkewe aliguna, akasema paa likianza kuvuja tena atajua wa kumlaumu. Lakini hakumwambia aitoe.

Jioni mzee hukaa barazani akimsubiri kitindamimba. Hawajawahi kulizungumzia jambo lile, wala mzee hakuuliza kama kweli hajarudi kwenye kisu. Haulizi. Binti akifika, kabla hajavua viatu, kabla hata ya kusema shikamoo, anasimama mbele ya baba yake na kuinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. Mzee anaitazama. Kisha anasema, "Haya mama, ingia ule."