Wimbo Uliokwisha Kabla Shangazi Hajafika

Jina la bendi yetu silitaji, maana lilibadilika kila mara mmoja wetu alipokasirika. Tulikuwa watatu: mpiga ngoma, aliyekuwa kijana wa Bongwe; mwimbaji, mtu wa bara aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja ya Galu; na mimi kwenye gitaa. Mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa kadiri nilivyochunguza, hapakuwa na bendi nyingine ya panki pwani yote kuanzia Likoni hadi Msambweni. Kwa hiyo tulikuwa bora.

Panki tuliifahamu kutokana na kanda aliyoisahau mgeni hotelini: muziki wa kasi na makelele, nyimbo fupi kuliko salamu za watu wazima. Mazoezi tulifanya nyuma ya nyumba ya shangazi yake mpiga ngoma, kwa kuwa yeye alikuwa na umeme. Majirani walilalamika hadi shangazi akachoka. Akatuambia tutapiga kwenye harusi ya binti yake, alasiri, mbele ya wanawake wote. Tukimtia aibu, tutafute pengine. Pengine hapakuwapo.

Mwimbaji alitaka tujifunze taarabu haraka. Tulijaribu, mpiga ngoma akatusihi tuache. Siku yenyewe, uwanjani kwa shangazi, tukapiga wimbo wetu wenyewe, uliohusu geti la nyuma, lile walilolazimishwa kupitia wafanyakazi wa hoteli huku la mbele liko wazi. Mwimbaji aliuimba, au tuseme aliupayuka, mishipa imemtoka shingoni.

Wanawake waligeuka kumtazama shangazi. Kisha shangazi, aliyekuwa amefua mashuka ya hoteli miaka mingi, akainuka na leso mpya mkononi, aje kututunza zawadi kama wanavyotunzwa waimbaji wa taarabu. Alikuja kwa mwendo wa harusini, hatua, kiuno, hatua. Hajafika nusu ya uwanja, wimbo ukaisha.

"Mbona mwanyamaza?" akauliza.

"Umekwisha, shangazi," mpiga ngoma akajibu.

"Umekwisha vipi nami sijafika?"

Mwimbaji akauliza kama tuupige polepole.

"Nani kakwambia polepole? Geti hilo nalijua. Rudieni vivyo hivyo, mpaka nifike."

Tukaurudia, tukaurudia tena, na wafuaji wenzake wakamfuata nyuma wakiitikia. Alipofika, alimfunga mwimbaji leso shingoni.

Kesho yake tulikuwa palepale nyuma ya nyumba, vyombo vimewashwa. Tangu hapo wimbo ule tuliupiga kwa urefu wa uwanja wa shangazi. Sijasikia bendi nyingine ya panki iliyopimiwa wimbo hivyo.