Nyanya za Mwezi Mzima Asubuhi Moja

Saa moja na dakika kumi asubuhi, malori manne ya nyanya kutoka Mai Mahiu yalisimama langoni mwa kiwanda chetu cha sosi. Nilitarajia moja. Nikawaka.

"Mzee, usitupigie kelele. Oda ni yenu," dereva akasema.

Nikamgeukia Chebet wa stoo mbele ya watu wote. "Leo unaenda nyumbani!"

Akafungua kompyuta. Kazi ya kutengeneza sosi ya wiki nne ilikuwa imeingizwa kama oda moja bila kugawanywa kwa wiki, na programu ikaagiza nyanya zote zije siku ya kwanza.

"Boss, soma jina la aliyeingiza."

Nilikuwa mimi, mtaalamu niliyejifundisha programu hiyo mwenyewe. Bado nina hasira, na sina mwingine wa kumkasirikia. Nyanya za malori matatu zilioza: shilingi laki saba na nusu.