Redio Niliyosema Haishiki

Mke wangu nikianza kuisimulia hii huinuka akatoka nje, na ana haki. Hadithi zenu zote mlizosimulia leo zinachekesha. Yangu mtanicheka kidogo pale mwanzo halafu mtanyamaza, na naomba msinitafutie utetezi, maana nimeshajitafutia mwenyewe miaka yote hii na sijaupata.

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji cha ujamaa upande wa Sikonge, kijiji kipya kabisa, nyumba zimepangwa mistari, watu wametoka huku na huku na bado wanaulizana majina. Redio ilikuwa moja tu, mali ya kijiji, nikakabidhiwa mimi niitunze (na nilivyojivuna nayo! Nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi kabla sijanawa uso). Kazi yangu kubwa ilikuwa mchana, saa ya matangazo ya vifo: naitoa barazani, naongeza sauti, watu wanakaa kimya wanasikiliza kama kuna jina la mtu wao, kwa sababu ndugu zao walibaki mbali na barua ilikuwa inachukua hata wiki mbili.

Sasa mke wangu Zuhura akajifungua mtoto wa kike, na baada ya kujifungua homa ikamshika isimwachie. Mkunga akaniambia, "Huyu asipopata usingizi utamkosa, mwalimu." Na mtoto naye analia. Si kulia kwa njaa, ni kulia tu, kutwa nzima, mpaka mimi mwenyewe (mwanaume mzima) siku moja nikakaa jikoni nikalia naye. Basi katika kuhangaika nikawa natafuta stesheni, nikapitiliza, redio ikabaki inatoa ile shaaa isiyo na maneno, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Mtoto akanyamaza. Nikaurudisha mshale kwenye stesheni, akalia. Nikaupeleka pembeni tena, akafumba macho, akalala, na Zuhura akalala, nyumba nzima ikatulia, na mimi nikasimama pale katikati ya chumba naogopa hata kukohoa.

Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa nairudisha redio barazani saa ya matangazo ikifika. Siku ya tatu mtoto ndiyo kwanza amelala, na Zuhura jasho limeanza kumtoka, homa inashuka, nikasikia hodi. Alikuwa Mama Kalunde, jirani yangu, mtu mzima wa rika la mama yangu, baba yake alikuwa amelazwa Tabora mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo hututolei redio?"

Ningesema tu kwamba mtoto amelala, angenielewa, amelea watoto saba! Lakini nikaona aibu, redio ya kijiji nimeifanya ya kubembelezea mtoto, Mwenyekiti akisikia itakuwaje. Nikasema, "Haishiki leo, mama. Mawimbi mabaya. Sikia mwenyewe."

Akatega sikio, akaisikia ile shaaa. "Pole, mwanangu. Labda ni haya mawingu," akasema, akaenda zake akiwaambia na wenzake waliokuwa wanakuja.

Siku ya nne akaja, nikamjibu hivyo hivyo. Siku ya tano hakuuliza, alichungulia tu, akasikia, akatikisa kichwa akinionea huruma. Na uongo ule ulinitoka mdomoni bila kukwama popote.

Siku ya sita asubuhi akaingia mpwa wake kwa baiskeli, kijana wa Kwihara, karibu na Tabora mjini, aitwaye Mihambo, vumbi mpaka kwenye kope. Akamkuta shangazi yake anatwanga mahindi na wenzake, wanacheka. Akasimama. Akamuuliza, "Shangazi, unatwanga?"

"Mayo wane, mama yangu!" Mama Kalunde akauachia mchi.

Babu yake Mihambo, ndiye baba wa Mama Kalunde, alikuwa amefariki, wametangaza redioni siku mbili, wamemngoja binti mkubwa, siku ya pili alasiri maiti ikawa haingojeki tena, wakazika jana. Watu wakasema redio ya hapa mbovu, haishiki. Mihambo akashangaa. "Mbona mimi nimepita dukani pale njia panda, wanasema jana matangazo yalisikika safi?"

Mwenyekiti akaja kwangu, kijiji kizima nyuma yake. "Ndugu mwalimu, ilete." Nikaitoa, inatoa shaaa. Akakizungusha kidogo tu kile kifundo cha kutafutia stesheni, sauti ya mtangazaji ikatoka safi, ikajaa uani. Na mtoto ndani akaanza kulia.

"Nani aliyeutoa mshale mahali pake?"

Zuhura, asiyejua lolote, akaita toka kitandani kwa sauti ya mgonjwa, "Baba nanihii, irudishe basi pale pa kelele, mtoto ameamka."

Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi wangenitukana. Nikatoa baiskeli yangu, nikamwomba Mama Kalunde nimpeleke Kwihara, akapanda nyuma, na njia yote ile, mchanga na jua, nilisikia pumzi yake tu.

Kwihara tukawakuta matangani. Kaka yake akamuuliza mbele ya watu, "Ulikuwa wapi, dada? Mzee alikuita mpaka mwisho." Akajibu, "Mwulizeni mwalimu." Nikasimama mbele ya wafiwa nikaeleza yote, redio, mtoto, shaaa, na nilipofika pale mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kilichomponyoka, kisha akakikata. Kaka yake Mama Kalunde hakucheka. Aliniuliza,

"Na mtoto alilala?"

"Alilala."

"Haya," akasema, akageuka.

Zuhura alipona, mtoto alikua. Mama Kalunde alirudi baada ya arobaini. Nikimwamkia anaitikia vizuri tu, marahaba mwalimu, lakini "mwanangu" hakuniita tena, na hakuniuliza tena habari yoyote ile, hata ya mvua. Redio wakampa mtu mwingine. Nami nikaapa: nikiulizwa jambo, hata kama jibu lake litanivua nguo mbele za watu, nalitoa pale pale. Hapa mtaani wananisifu, wanasema mwalimu ni mkweli mno. Mimi najua ni woga tu. Naogopa kuonewa huruma tena kwa uongo wangu na mtu ambaye baba yake anakufa.