Chupi Zangu Bondeni

Wenzangu wana wake wanaowafulia chupi. Wangu anazizika.

Kazi yake ni kupima udongo. Anasema ardhini mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na pamba ni chakula chao. Fukia chupi ya pamba, mpira wa kiuno uuache nje kidogo usije ukapotewa na mahali, kisha fukua baada ya miezi miwili. Ikiwa imeliwa, udongo uko hai. Ikitoka nzima, umekufa. Kwa nini zangu? "Vitambaa vya ofisi vimeisha, mume wangu." Makubwa haya!

Safari hii nilimeza hasira. Alikuwa anapima lile bonde kavu ambalo mto hulifurikia mvua zikija, kisha hulisahau. Ndiko anakochunga shemeji, kaka yake. Ofisi ilishasema: udongo ukionekana umekufa kwa kwato za mifugo, bonde litazungushiwa ua. Na shemeji hana malisho mengine, hana hata pa kufunga mbuzi.

Siku ya kufukua mke wangu alikuja na mkuu wake wa kazi. Shimo la kwanza tupu. La pili tupu. Shemeji akaruka juu. "Vimekula mpaka mpira!"

Mke wangu akakunja uso. "Kaka, vijidudu havili mpira."

Tukageuka. Ng'ombe mmoja alikuwa akicheua taratibu, utepe wa bluu unaning'inia mdomoni. Niliutambua, jamani, niliununua mwenyewe!

"Dada, funika kombe mwanaharamu apite," shemeji akanong'ona. Nikamhurumia kwelikweli.

"Siwezi. Shimo tupu halihesabiwi."

Lilibaki moja, kwenye njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, ardhi ngumu kama tofali. Nikachimba mwenyewe, roho mkononi. Ukatoka mpira na vijinyuzi, basi. Imeliwa!

Mkuu akatikisa kichwa. "Moja haitoshi. Zikeni nyingine leo hii, la sivyo kesho naleta nguzo za ua."

Wote wakaitazama suruali yangu.

"Thubutu!" nikasema.

Shemeji akaingia nyuma ya kichaka, akarudi ameikunja chupi yake kiganjani, macho chini kwa aibu. "Pamba tupu, dada. Zika."

Mke wangu akarudi nyuma, mkono puani.

"Kwanza ifuliwe, kaka. Nimetumwa kupima vijidudu vya bonde, si vyako."