Alama Katika Damu ya Salim

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo mpaka leo naiona waziwazi kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku niliyomzaa Salim. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza, nami nikikaa mtaa wa Kuze, Mombasa, kwa mavyaa wangu, Bi Rukiya, mamake mume wangu. Binti yangu wa kwanza, Maimuna, nilimzaa palepale nyumbani kwa mkono wa mkunga, salama salimini, na hakuna aliyefikiria kunipima damu. Salim ndiye niliyemzalia hospitali.

Alizaliwa asubuhi, akalia kwa nguvu, tukashukuru. Kufika adhuhuri macho yake yalikuwa manjano kama bizari, na ule umanjano ukashuka kifuani. Akaacha kunyonya. Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, jina lake Salma. Alipima damu ya mtoto na yangu, kisha akarudi na uso wa mtu aliyebeba habari nzito.

"Mwanao ana alama katika damu ambayo wewe huna," akaniambia. "Ameirithi kwa babake. Mwili wako umeiona ni ngeni, na sasa unaiharibu damu yake."

Shangazi wa mume wangu alikuwapo, wala hakungoja. Alimgeukia Bi Rukiya, nami nasikia. "Si nilikwambia, wifi? Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu damu yake yala watoto. Mwambie mwanao atafute mke mwengine."

Maneno yale yaliniingia kwa kuwa nami nilikuwa nikiyasema moyoni. Nililia, nikasema mwili wangu ni adui, laiti ningeweza kuuvua kama nguo.

Bi Rukiya hakuwa mtu wa maneno mengi. "Wifi," alisema, "nenda nyumbani kamwangalie Maimuna." Shangazi alipotoka, akaketi kitandani pangu, akaniinua kidevu. "Usiutukane mwili wako mbele yangu. Mwili ni amana. Daktari huyu hapa, muulize umefanya nini kabla hujauhukumu."

Nikauliza. Na katika ile huzuni, mwanangu, nilisikia jambo la ajabu.

"Alama hizo twaziita antijeni," alisema Daktari Salma. "Chembe za mwili wako zina alama zake, na vijidudu vya maradhi vina zao. Damuni mwako mna askari wasiohesabika, na kila mmoja ameumbwa kushika alama ya umbo lake tu, kama ufunguo na kitasa chake. Wale ambao wangeshika alama zako mwenyewe, wengi huondolewa mapema, usije ukajidhuru. Waliobaki huzunguka wakipapasa. Ulipomzaa Maimuna, matone ya damu yake yaliingia kwako. Askari wachache wakakutana na alama waliyoumbiwa. Wakazaana, wakatengeneza kingamwili, ndizo silaha zao za kuishika alama ile, na baadhi yao wakabaki wakiikumbuka. Salim alipokuja na alama ileile, aliwakuta tayari, na kingamwili zao zikapenya mpaka damuni mwake akiwa bado tumboni."

"Hawakujua kuwa ni mwanangu?"

"Hawajui mwana wala jirani. Wajua alama. Na askari wa namna hiyo hiyo ndio waliokuponya surua utotoni, na ndio waizuiao isikurudie."

"Subhanallah," alisema Bi Rukiya polepole. "Mlinzi asiyelala."

Basi ikabidi damu ya Salim itolewe kidogo kidogo, huku akitiwa nyingine isiyo na alama ile. Hospitalini palikuwa na chupa moja tu, na haikutosha, maana kwetu wasio na alama hiyo ni wachache. Mume wangu alikuwa nayo. Kaka yangu Athumani akaja mbio, akapimwa, naye akawa nayo. Daktari akasema tutafute mtu mwengine upesi.

Bi Rukiya akavaa buibui lake. Huyu, mwanangu, ni mama ambaye kwa miaka hakuvuka barabara ya Ndia Kuu bila ya mmoja wa wanawe. Alasiri ile alibisha mlango baada ya mlango Kuze, akaingia maduka ya Ndia Kuu. "Masalkheri jamaani. Mjukuu wangu ataka damu isiyo na ile alama wapimwayo waja wazito. Nani ajuaye damu yake?" Hakupata. Akapanda mpaka Mwembe Tayari, katikati ya mabasi ya bara na wachuuzi, akauliza vilevile.

Katika hoteli moja alikuwamo mpishi, Kadzo, mwanamke wa Kigiriama, msalaba shingoni, mikono imejaa unga. Alimsikia, akaja mlangoni. "Mama, mimi yangu naijua. Nilipozaa niliambiwa sina hiyo alama." Akaacha chapati motoni, wakaja pamoja.

Damu yake ilipimwa, ikafaa. Akiwa amelala pale inatolewa, alinieleza kwamba kila alipozaa alichomwa sindano. Daktari akatufafanulia: sindano ile huiondoa damu ya mtoto kabla askari wa mama hawajaamka, nayo huchomwa ndani ya siku tatu baada ya kuzaa. Kwangu mimi ilikuwa imeshapita wakati, lakini kwa Salim palikuwa bado pana wasaa.

Jioni ile walimbadilisha damu. Siku zilizofuata macho yake yakatakata, akaanza kunyonya kwa pupa. Shangazi alikuja kumtazama, akasimama mlangoni. Bi Rukiya akamchukua Salim, akamweka mikononi mwake. "Mpakate," akamwambia.

Mwanangu, ijue damu yako kabla hujabeba mimba, na ukiambiwa huna alama ile, uliza sindano wala usione haya. Mwili wako uustahi hata unapokutisha, kwani wenyewe wazijua alama ambazo jicho lako halitaziona kamwe. Lakini wewe usiwapime watu kwa alama kama ufanyavyo mwili. Wewe umepewa akili ya kuuliza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, atoke Kuze au atoke bara. Na mtu akiwa kitandani analia, usimtafutie kosa, mtafutie dawa.

Mola akulinde ndani na nje, akupe kizazi chenye afya, na akujaalie mavyaa mfano wa Bi Rukiya. Amin.