Gunia la Paka Wetu

Kila mafuta ya mawese yanapopata moto jikoni kwangu, viganja vyangu hukumbuka mgongo wa paka wetu: manyoya laini, na ndani yake vinundu vigumu kama mbegu.

Jirani alipoviona, alimvuta mtoto wake kando. "Dada, ule ugonjwa utaingia mu watoto. Mumutupe kule mutoni."

Mama alikwisha kuchukua kikapu cha kumbebea. Nilimkumbatia paka nikilia, na chini ya kidole changu kinundu kikacheza. Kilikuwa na kitundu kidogo, kama kile cha tumboni kwangu nilipovaa shati lililoanikwa kwenye majani na kutagiwa mayai na nzi, bila kulipiga pasi ya kuyaua.

"Mama, iko funza! Angalia, iko inapumua!"

Mama akainama, akacheka, akamwambia paka: "Kumbe gunia lako la kulalia nalo tunaanika mu majani, weye muzee!"

Akampaka paka mawese ya vuguvugu. Funza wakachungulia wakitafuta hewa, naye akawakamua taratibu. Paka alimkwaruza, lakini Mama hakumwachia.

Asubuhi alitia makaa katika pasi. Kabla ya shati la baba, kabla ya kitenge chake cha ibada, alinyoosha gunia la paka.