Maksai Aliyepigwa kwa Kutii

Nilitoka Yakobi Jumatano alfajiri kwa sababu ya habari moja: maksai wetu Madoa, tuliyemuuza Makambako baada ya mavuno, atachinjwa Ijumaa. Walisema ni mkaidi, hataki kuvuta mkokoteni. Madoa alifunzwa na kaka yangu Yohani, ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa na hasemi. Alimfunza kwa mikono tu. Akinyoosha mkono kando, Madoa hugeuka. Akiuinua juu, husimama papo hapo.

Njombe nilipita jua likichomoza, nyasi zikiwa bado nyeupe kwa baridi. Baadaye lori la Serikali lilinipita, likanijaza vumbi, wala halikusimama.

Mtwango nilifika jioni. Mama mmoja alinikaribisha viazi vya moto.

"Kamwene, mwanangu. Unakwenda kuandikishwa kazi ya mkonge?"

"Namfuata ng'ombe, mama."

Alicheka mpaka akaweka chungu chini. "Wenzako wanafuata wachumba!"

Makambako niliingia Alhamisi alasiri. Madoa na mwenzake walikuwa wanavuta magunia ya mahindi. Mwendeshaji, Petro, aliinua fimbo juu ili waongeze mwendo. Madoa akasimama. Akapigwa. Fimbo ikainuliwa tena. Madoa hakusogeza hata kwato. Akapigwa tena, na mgongo ulikuwa umeshachanika. Kumbe anapigwa kwa kutii!

"Shusha fimbo! Kwake hiyo ni amri ya kusimama!" nikapaza sauti, mimi ninayeona haya hata kujibu darasani.

"We mtoto, umetumwa na nani?"

Mwenye mkokoteni, Mzee Lazaro, aliyemnunua Madoa kwetu, akatoka dukani, akanitambua. "Mwache atuonyeshe. Akishindwa, kesho atatuoshea utumbo."

Nilisimama mbele ya Madoa, nikauvuta mkono taratibu kuelekea kifuani, kama afanyavyo Yohani. Akaja, na mwenzake, na magunia yote. Nikanyoosha mkono kulia, akageuka. Nikauinua, akasimama, pumzi yake shingoni mwangu.

"Uganga huo," Petro akasema.

"Uganga gani? Ng'ombe amekushinda akili," Mzee Lazaro akamjibu. "Basi, hachinjwi. Lakini nyie, mbona hamkutuambia?"

Hapo nilitaka kulia. "Kaka yangu alikuambia, mzee, siku uliyomnunua. Alikuonyesha kwa mikono yote miwili. Ukacheka, ukasema bubu anacheza ngoma."

Akarudi dukani. Hakuna aliyeleta hata maji ya kuosha vile vidonda, niliviosha mwenyewe.

Nyumbani nilirudi Jumamosi. Yohani alikuwa barabarani. Nilimwonyesha kwamba Madoa yu hai. Akauliza kwa mikono kama anatunzwa. Nikamgeuza, nikamchorea kwa kidole mgongoni mwake kila alama niliyoiona. Akaondoka kwenda zizini peke yake.

Mzee Lazaro sikumwambia yote. Siku ile ya kuuza, mkalimani nilikuwa mimi, maana Baba hajui Kiswahili. Yohani alinivuta shati niyaseme maneno yake. Watu walikuwa wanacheka, nikaona aibu, nikatazama chini. Njia nzima niliwakasirikia watu wa Makambako, na bado nimewakasirikia. Lakini mikono ya Yohani hata ng'ombe aliielewa. Mimi nduguye niliielewa pia, nikanyamaza.